RAM Ilikufa, Lakini Yunite Zetu Bado Zinaliwa

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa komini za Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Tunayaweka hapa kwa wale ambao hawakuweza kufika, na kwa wale waliofika lakini mvua ikawatawanya mbele ya mwisho.



Tunajua wengi wenu mmetembea kwa miguu, juu franka ya taxi na franka ya mega ni ileile moja. Ukipanda taxi, jioni hauna mega. Ukinunua mega, asubuhi unatembea. Basi hatutawachosha na maneno makubwa.

Tuanze na jambo moja dogo. Kila mtu atoe simu yake, ainue mkono. Vizuri. Sasa, yule ambaye iko na kadi moja tu ya SIM, ashushe mkono.

Mnaona? Karibu mikono yote imebaki juu. Wako hapa wenye kadi mbili, wako na tatu, na mama mmoja pale mbele anatuonyesha nne katika pochi. Tumuulize kwa nini, atatujibu kama sisi wote. Rezo moja inashika nyumbani lakini haishiki kazini. Ya pili mega yake ni rahisi usiku. Ya tatu ni ya kupokea feza, juu ndugu aliye Kolwezi anatuma kwa kampuni ile tu. Ya nne ni ya kumpigia mume, sababu ukipiga kutoka kampuni moja kwenda kampuni ingine, yunite inakwenda mbio.

Watu wanasema hiyo ni mayele ya Wakongomani, tunajua kujipanga. Kweli, tunajua kujipanga. Lakini leo tunataka kuuliza: kwa nini sisi masikini ndio tunapaswa kufanya kazi ambayo Leta ililipa watu kuifanya Kinshasa? Kama kampuni zingeunganishwa vizuri, kama bei zingesimamiwa vizuri, kadi moja ingetosha. Zile kadi tatu zingine ni kodi tunayolipa bila risiti.

Sisi tunaosema ni nani

Wengi katika kikundi chetu ni watu wa diplomi. Tulisoma uchumi, sheria, elektromekanike, wengine hapa kwetu, wengine Lubumbashi. Wazazi waliuza mbuzi, waliuza kiwanja, baba mmoja aliyefanya Gécamines alikaa miezi bila mshahara lakini minervali ilipatikana. Leo tuko mashomeri. Baadhi yetu tunauza yunite na kutoa feza ya simu chini ya parasoli, pale barabarani. Kwa hiyo mambo haya tunayajua kwa pande mbili: sisi ndio tunanunua, na sisi ndio tunatukanwa na watu wanaonunua.

"Weye mutoto, mega yangu imeishia wapi? Nimeiweka asubuhi tu!" Maneno hayo tunayasikia kila siku. Na sisi hatuna jibu, juu sisi pia hatujui.

Tuwape mfano mmoja. Mwenzetu mmoja aliona tangazo la kazi katika kampuni fulani ya migodi. Mwisho wa kutuma ilikuwa usiku ule katikati, na kutuma ilikuwa kwa intaneti tu: CV, diplomi, relevé ya kila mwaka, picha. Alinunua forfe ya saa 24. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, akaenda kuchaji simu kwa jirani mwenye panno ya jua. Aliporudi, akaanza kutuma. Diplomi ikapita. Relevé ya kwanza ikapita. Kisha meseji: forfe yako imekwisha. Hakuwa ameangalia video, hakuwa amefungua kitu kingine. Akakopa yunite, akanunua tena. Rezo ikaanguka. Ikarudi. Ikaanguka. Ilipofika usiku katikati, mlango wa maombi ulifungwa. Asubuhi, mega zilizobaki katika forfe ile ya mkopo zikafutwa zenyewe, na deni la mkopo likabaki.

Hatutaji kampuni ya simu, juu hatuko hapa kumchafua mtu. Na hatusemi kwamba angepata ile kazi. Watu walioomba walikuwa wengi. Tunasema hivi: hakupata hata nafasi ya kukataliwa. Hilo ndilo linalotuuma. Siku hizi kazi, masomo, konkuru, feza ya mgonjwa hospitali, habari za ndugu walio katika vita kule Mashariki, vyote vinapita ndani ya simu. Mtu akisema mega ni mambo ya vijana wa kucheza TikTok, huyo hajatafuta kazi miaka hii.

Tulitoka wapi

Wapapa walio hapa wanakumbuka. Zamani simu ilikuwa ya Leta, yenye waya, na waya zikafa. Mwaka 1986 Telecel ikaanza Kinshasa na simu za mkononi, lakini zilikuwa za mawaziri, za majenerali na za wafanyabiashara wakubwa. Mtu wa Kikula alikuwa anaziona tu. Baada ya mwaka 2000 ndipo mambo yalibadilika. Celtel ilikuja, ile ambayo baadaye ikaitwa Zain, leo inaitwa Airtel. Vodacom ilianza mwaka 2002. Congo Chine Télécoms ilikuwako pia, na mwaka 2011 Orange ikainunua. Africell ikaingia mwaka 2012.

Mwaka huo wa 2002, tarehe 16 mwezi wa 10, zilitoka sheria mbili: moja ya mawasiliano kwa jumla, na ingine ya kuunda ARPTC, ofisi ya Leta ya kusimamia posta na simu. Kazi yake, kwa maneno yetu ya mtaani, ni ya arbitre. Kampuni ni wachezaji. Sisi tunalipa tiketi. Arbitre anapaswa kuangalia kwamba mchezo ni wa haki, mkubwa asimvunje mdogo miguu, na mtu aliyelipa tiketi aone mchezo aliolipia.

Tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 2020, ilitiwa sahihi sheria mpya, namba 20/017. Ni sheria nzuri kuisoma, na sisi tulikaa tukaisoma. Inasema juu ya ushindani, juu ya kampuni kuunganisha rezo zao na kugawana antene, juu ya mtu kuhama kampuni na kubaki na namba yake, juu ya mfuko wa kupeleka rezo katika vijiji ambavyo kampuni haioni faida. Kabla yake, tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka 2018, kulikuwa na sheria ya uhuru wa bei na ushindani, inayokataza wafanyabiashara kukaa pamoja na kupanga bei.

Kwa hiyo mtu asituambie Congo haina sheria. Sheria tunazo, hata nyingi. Swali ni: arbitre anapiga filimbi kwa nani?

Siku arbitre alipoingia mfukoni mwetu

Mnakumbuka RAM. Nani hapa hakukatwa?

Kwa wadogo zetu ambao mwaka 2020 walikuwa bado hawana simu: mwezi wa 9 mwaka ule ilianzishwa kitu kilichoitwa Rejista ya Vyombo vya Simu, RAM kwa kifupi. Walituambia ni kwa kutulinda. Simu za bandia zitakamatwa, simu zilizoibwa zitafungwa. Na kwa ulinzi huo, mwenye simu ndogo ya 2G alipe dola 1 kwa mwaka, mwenye simu ya 3G au 4G alipe dola 7. Haukwenda kulipa kwenye gishe. Haukusaini karatasi. Uliweka yunite, na yunite ikakatwa, kipande kwa kipande.

Tulihesabu siku moja chini ya parasoli. Tulikuwa watu sita, wote na simu ya 4G, wote bila kazi. Sita mara saba ni dola 42 kwa mwaka, kutoka kwa watu ambao hawana mshahara hata wa franka moja. Na katika betri za zile simu, na katika waya zake ndogo, kuna kobalti na shaba. Hapa Shituru tunajua shaba na kobalti ni kitu gani. Moshi wake umeingia katika mapafu ya babu zetu. Udongo wetu unatoka kwa lori, unarudi kama simu, kisha tunalipishwa kwa kuishika.

Lakini hasira peke yake haikuiua RAM. Iliuliwa na swali. Watu walifungua Katiba, kifungu cha 174, wakasoma: hakuna kodi inayoweza kuwekwa ila kwa sheria. Wakauliza: RAM ilipigiwa kura na Bunge siku gani? Jibu lilikuwa kwamba hiyo si kodi, ni malipo ya huduma. Watu wakauliza tena: huduma gani? Nani hapa aliibiwa simu, RAM ikamrudishia? Harakati za wananchi zikasimama katika miji mbalimbali, mambo yakafika Bunge la Taifa mwaka 2021, waziri akaulizwa mbele ya wabunge. Na mwaka 2022 RAM ikaondolewa.

Tunasema hili kwa sababu kuna vijana wanaosema "Congo haiwezi kubadilika, tuache tu." RAM ilikuwa na dekre, ilikuwa na waziri, ilikuwa na mashine ya kukata yenyewe. Na ilianguka. Haikuanguka juu ya mawe, ilianguka juu watu walisoma, wakauliza, wakarudia kuuliza bila kuchoka.

Kitu kimoja lakini hatujakisahau. Ile feza iliyokatwa, hesabu yake kamili, franka kwa franka, imeingia wapi na imefanya nini, sisi tuliokatwa hatujawekewa mezani. Mtu akila mkate wako na akaacha kula, hiyo ni vizuri. Lakini ule aliokwisha kula?

Kampuni nyingi haimaanishi ushindani

Sasa tuje kwa kampuni zenyewe. Watu wanatuambia: "Kuna kampuni nne kubwa, kama moja inawaudhi, nendeni kwa ingine." Maneno hayo yanaonekana ya akili. Tuyaangalie polepole.

Fikirieni soko letu. Wamama kumi wanauza unga. Kama kila mmoja anataka wateja, bei inashuka, na yule mwenye unga mchafu anabaki na gunia lake. Huo ndio ushindani. Lakini kama siku moja wamama wote kumi wanaamka na kupandisha bei siku ileile, kwa kiasi kinachofanana, mtaita hiyo ushindani? Mwaka 2016, katika inchi hii, bei ya intaneti ya simu ilipanda sana kwa kampuni kubwa karibu zote kwa wakati mmoja. Watu walilalamika sana. Mwaka uleule Orange ikanunua Tigo, mpinzani mmoja akapungua. Hatusemi kununua kampuni ni kosa. Tunasema kila wakati wachezaji wanapopungua, arbitre anapaswa kufungua macho zaidi, si kuyafunga.

Kuna minyororo mitatu inayotufunga, hata kama kampuni ziko nyingi.

Mnyororo wa kwanza ni namba. Namba yako iko kwa shule ya mtoto, kwa CV yako, kwa wateja wako wote. Ukihama kampuni, unaipoteza. Basi hauhami, unaongeza kadi ya pili. Na kampuni inajua hauwezi kuhama, kwa hiyo haina haraka ya kukufurahisha.

Wa pili ni bei ya kupita kutoka rezo moja hadi ingine. Ukimpigia mtu wa kampuni ingine, kampuni yako inailipa ile ingine kwa kupokea simu yako. Kama malipo hayo ni makubwa, kampuni ndogo haiwezi kushusha bei, na watu wote wanakimbilia kampuni yenye watu wengi. Hapo mkubwa anakuwa mkubwa zaidi bila kufanya kazi nzuri zaidi.

Wa tatu ni feza ya simu. Mama akiuza mihogo na wateja wake wanalipa kwa kampuni moja, atabaki pale hata kama mega zake ni ghali.

Haya hatukuyaota usiku. Wenzetu wa Afrika ya Mashariki wameyapitia. Kenya, mwaka 2010, ofisi yao ya kusimamia simu ilishusha yale malipo ya kupita kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Zain, ambayo ilikuwa ndogo mbele ya Safaricom, ikashusha bei ya kupiga hadi shilingi 3 kwa dakika, na wengine wakalazimika kushuka. Kalamu moja ya arbitre, na mtu wa mtaani akaongea zaidi. Mwaka 2011 Kenya wakaruhusu mtu kuhama na namba yake. Tanzania wakafuata mwaka 2017.

Tuseme ukweli wote: kule Kenya waliohama hawakuwa wengi, sababu mnyororo wa feza ya simu ulibaki. Ndiyo maana tunasema minyororo yote mitatu ifunguliwe pamoja. Kufungua mmoja na kuacha miwili ni kumfungua mtu mkono na kumwacha amefungwa miguu.

Na Tanzania tena, mwezi wa 4 mwaka 2021, bei mpya za forfe zilipotoka, watu walipiga kelele, na serikali ikazisimamisha mara moja, watu wakarudi kwa bei za zamani. Wale si malaika, wana shida zao. Lakini sikio la serikali lilisikia.

Leta pia inakata

Tusilaumu kampuni tu. Kuna siku rezo haikuanguka yenyewe, iliangushwa. Mwezi wa 1 mwaka 2015, wakati watu walipinga mambo ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018, siku moja baada ya kupiga kura, ilikatwa tena, na tulikaa karibu majuma matatu bila kujua kitu. Wenye kuuza yunite walikaa chini ya parasoli na mikono mitupu. Mtu aliyekuwa na mgonjwa Lubumbashi alipanda gari kwenda kuuliza habari.

Arbitre ambaye anaweza kuzima taa za uwanja wakati matokeo hayamfurahishi bwana wake, atakuwa na nguvu gani ya kumwambia mchezaji acheze vizuri? Ofisi ya kusimamia inapaswa kuwa mbali kidogo na kampuni, na mbali kidogo na waziri pia.

Mambo ya Starlink yanaonyesha kitu hicho. Mwezi wa 3 mwaka 2024, ARPTC ilitangaza kwamba kutumia Starlink hapa inchini ni kinyume cha sheria. Mwezi wa 5 mwaka 2025, Starlink ikapewa ruhusa. Sisi hatupingi, mshindani mpya ni mzuri. Lakini nani alitueleza sisi wananchi nini kilibadilika katikati? Masharti gani? Na kwa shomeri wa Panda, ile vifaa ya kuweka juu ya nyumba ni bei ya miezi mingi ya kula. Ushindani wa watu wenye feza hautoshi. Tunataka ushindani unaofika hadi chini ya parasoli.

Tuwasikilize na wao

Tusiwe watu wa upande mmoja. Tumeongea na watu wanaofanya kazi ya antene. Wanasema: umeme hakuna, antene inakula mazutu usiku na mchana. Kodi na takse ni nyingi, TVA peke yake ni 16 kwa mia, na huduma mbalimbali za Leta kila moja inakuja na karatasi yake. Nyaya zinaibwa, betri zinaibwa. Hayo ni kweli, na wengine wanaoiba betri ni vijana kama sisi, tuseme na hiyo.

Lakini jibu letu ni hili. Kama gharama ni kubwa, mtuonyeshe. Tuambieni katika kila franka 1,000 ya mega, ngapi ni ya Leta, ngapi ni ya mazutu, ngapi ni faida. Mtu anayekubali kulipa ana haki ya kujua analipa nini. Na mazutu haielezi kwa nini mega niliyolipia inakufa usiku katikati. Nikinunua kilo ya unga, mama wa soko haji nyumbani kwangu usiku kuchukua ule uliobaki.

Kaye yetu

Sasa, tunafanya nini? Hatukuwaita hapa kuja kulia tu.

Tumenunua kaye moja kubwa. Inakaa chini ya parasoli ya mmoja wetu. Kila mtu ambaye mega zake zimekwenda bila maelezo, au rezo imeanguka akiwa amelipa, anakuja kuandika: tarehe, saa, aina ya forfe, alilipa ngapi, kilichotokea, na komini anapokaa. Majina tunayaacha pembeni, hatutayatoa kwa mtu yeyote. Kama iko na meseji katika simu, tunapiga picha ya meseji.

Mwanzo watu walicheka. "Munaandika juu ya nini? Leta itasoma kaye?" Leo hatusikii tena watu wakituambia "weye mutoto umekula mega yangu." Wanasema: "Leta kaye niandike." Hiyo peke yake ni mabadiliko: mtu ameacha kugombana na mwenzake masikini, ameanza kuuliza pale panapofaa.

Tunaomba kila mtaa uwe na kaye yake. Ila kuna sheria tatu. Moja: usiandike uongo. Uongo mmoja ukikamatwa, kaye yote itatupwa. Mbili: usimtukane muuza yunite, wala yule dada anayepokea simu kwa namba ya msaada, yeye pia anatafuta kula. Tatu: mtu asiguse antene, asikate waya, asirushe jiwe. Antene ikianguka, wa kwanza kukosa rezo ni mama yako.

Kaye zikijaa, tutazifanyia hesabu, tutazipeleka kwa kampuni zote bila kubagua, kwa ARPTC, na kwa wabunge tuliowapigia kura hapa. ARPTC inatoa kila miezi mitatu ripoti ya soko la simu: kadi ngapi, feza ngapi, kampuni gani iko mbele. Ni kazi nzuri. Basi sisi tutawapa sehemu inayokosa: vile mtu wa Likasi anavyoishi ndani ya zile namba.

Tunachoomba

Tunaomba mambo saba, na tutayarudia mpaka yapate jibu.

1. Kila mtu akinunua forfe, apate meseji inayoeleza wazi bei, kiasi na muda. Na mega zikiisha, aweze kuona zilitumika kwa nini.

2. Mega zilizolipiwa zisifutwe. Mtu akinunua forfe ingine, zilizobaki ziongezeke juu yake.

3. Tarehe itangazwe ya kuanza kuhama na namba. Sheria imeshasema tangu 2020. Tunataka siku, si ahadi.

4. Kutuma feza kutoka kampuni moja hadi ingine kuwe kwa bei ambayo mama wa soko anaiweza.

5. Hesabu ya RAM iwekwe mbele ya watu: iliingia ngapi, ilitumika wapi.

6. Mfuko wa kupeleka rezo vijijini uonyeshe, teritware kwa teritware, antene gani imejengwa na kwa feza ngapi. Watu wa vijiji vya teritware ya Kambove wanapanda juu ya kilima kutafuta rezo. Nao ni Wakongomani.

7. Intaneti isikatwe tena kwa sababu ya uchaguzi au maandamano. Na mtu wa Likasi apate hapa Haut-Katanga mahali pa kupeleka lalamiko, apewe risiti, apewe jibu kwa maandishi. Kinshasa ni mbali; taxi haifiki huko.

Ndugu zetu, hatuombi mega ya bure. Mtu akisema vijana wa Likasi wanataka bure, mumwambie amesema uongo. Tunataka kulipa. Tunataka kulipa kitu tunachokijua, kwa bei ya haki, na kukipata.

Yule mwenzetu wa maombi ya kazi iko hapa kati yetu leo. Juma lililopita aliona tangazo lingine. Safari hii tulichanga, watu watano, kila mmoja akatoa kidogo, tukanunua forfe kutoka kampuni mbili tofauti, tukakaa naye mpaka faili ya mwisho ikapita. Ilipopita tulipiga makofi kama tumefunga goli. Bado anangoja jibu. Sisi tunangoja naye.

Lakini inchi haiwezi kujengwa namna hiyo, watu watano kuzunguka simu moja ili diplomi moja ipite. Ndiyo maana tuko hapa. Kesho kaye iko chini ya parasoli tangu asubuhi. Njooni na simu zenu, njooni na meseji zenu, na yule asiyejua kuandika aje aseme, sisi tutaandika.

 

Likasi, Haut-Katanga.